Data Ikikaa Ukingoni: Nakala Ipi Ndiyo ya Kweli?

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, kila mara kwa sura tofauti kidogo: kama siku hizi kila kitu kiko kwenye seva kubwa huko ng'ambo, kwa nini ninyi mnaoandika programu bado mnahangaika kuweka data ndani ya simu za watu? Si mngeiweka mahali pamoja tu, kila mtu akaisoma hapo hapo? Swali ni zuri. Leo nitalijibu, ila itabidi tuzunguke ziwa kidogo.

Tuanze na maana. Ukiuchora mtandao kama duara, katikati utaweka seva kubwa zenye nguvu, stima ya uhakika na walinzi mlangoni. Ukingoni mwa duara utatuweka sisi: simu iliyo mfukoni, kompyuta ya zahanati, mzani wa kidijitali sokoni. Kufanya kazi ukingoni maana yake ni kwamba sehemu ya data na sehemu ya hesabu zinabaki huko huko zinakotumika, badala ya kusafirisha kila kitu hadi katikati na kukaa unasubiri jibu. Nchi za wenzetu hufanya hivi hasa ili kuokoa sekunde. Sisi tunafanya hivi kwa sababu nyingine: mara nyingine katikati hakufikiki kabisa.

Mifano iko. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikawa ya kubahatisha Afrika Mashariki yote. Kisumu iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa, lakini bahari ikiumwa, sisi wa ziwani tunapata homa. Na hizo ni siku kubwa zilizotangazwa kwenye habari. Ukivuka kwenda Mfangano au Mageta, au ukishuka hadi vijiji vya ufuoni Uyoma, kuna siku nyingi ndogo ambazo hakuna anayezitangaza: mlingoti umekosa nguvu, mvua imenyesha, au bando limekwisha tu na mwenye simu anangoja mwisho wa mwezi.

Sasa fikiria mtu ambaye kazi yake haiwezi kungoja mlingoti. Huku kwetu tunamwita nyamrerwa, yaani mhudumu wa afya ya jamii. Anapita boma kwa boma, anapima watoto, anauliza nani ana mimba, nani ameacha dawa, nani anakohoa wiki ya tatu. Kwa miaka mingi chombo chake kilikuwa daftari. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu kama hawa 100,000 mikoba ya vifaa, pamoja na simu zenye mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii uitwao eCHIS. Kaunti ya Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuujaribu mfumo huo kabla ya uzinduzi.

Ndani yake eCHIS imejengwa juu ya programu huria inayoitwa Community Health Toolkit, ambayo hutunzwa na shirika la Medic pamoja na wenzao. Na programu hiyo imejengwa juu ya hifadhidata iitwayo CouchDB, iliyoanzishwa na Damien Katz mwaka 2005. Nawatajia majina haya kwa sababu CouchDB ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya hali kama yetu. Kila kifaa kinaweza kuwa na nakala yake ya data, kikaandika humo bila kuomba ruhusa kwa mtu, na baadaye mtandao ukirudi vifaa vinaambiana: mimi nina haya mapya, wewe una yapi? Kitendo hicho tunakiita kusawazisha.

Nyamrerwa hubeba nakala gani? Si ya nchi nzima. Kila mmoja husimamia takriban boma 100, na simu yake hupewa data ya boma hizo tu. Hata hivyo hesabu hupanda haraka. Chukua watu watano kwa kila boma: hao ni 500. Kila boma likitembelewa mara moja kwa mwezi, ripoti zinakuwa 1,200 kwa mwaka, kabla hujaongeza fomu za wajawazito, watoto na wagonjwa. Watengenezaji wa Community Health Toolkit hupendekeza simu moja isizidi hati 10,000, kwa sababu baada ya hapo simu ya bei nafuu huanza kuchechemea. Kwa hiyo kuna kanuni za kupunguza mzigo: ripoti za zamani huondolewa kwenye simu lakini hubaki kwenye seva. Nyamrerwa hahitaji kikohozi cha miaka mitatu iliyopita ili aamue leo.

Mpaka hapa mambo ni matamu. Uchungu unaanza nakala mbili zinapotofautiana.

Mwaka 2000 mwanasayansi Eric Brewer alisema jambo ambalo wenzake Seth Gilbert na Nancy Lynch walilithibitisha kihesabu mwaka 2002. Kwa lugha ya nyumbani ni hivi: mawasiliano kati ya nakala zako yakikatika, huna budi kuchagua moja kati ya mawili. Ama umkatalie mtu kuandika hadi mawasiliano yarudi, na hivyo nakala zote zibaki sawa. Ama umruhusu aandike, na ukubali kwamba kwa muda nakala zitasema mambo tofauti. Hakuna njia ya tatu, hata ukiwa na pesa za Google. Nyamrerwa aliye kisiwani huwezi kumwambia asiandike. Basi umeshachagua: nakala zitatofautiana. Swali linalobaki ni moja tu. Zikikutana, ipi ishinde?

CouchDB ina jibu lake, na ni jibu la kiufundi kabisa. Hati moja ikiwa na matoleo mawili yanayogongana, toleo lililo hai hulishinda lililofutwa. Kama yote mawili yako hai, lile lililobadilishwa mara nyingi zaidi hushinda. Kama yamebadilishwa mara sawa, alama zao za utambulisho hulinganishwa herufi kwa herufi, karibu kama kurusha shilingi. Uzuri wake ni kwamba kila kifaa kitafikia mshindi yule yule bila kuulizana. Na aliyeshindwa hatupwi. Anawekwa kando akisubiri programu au mtu aje kumtazama. Shida ni kwamba katika programu nyingi hakuna anayekwenda kumtazama.

Nitawasimulia kisa. Kilitokea katika mradi mdogo ambao sitautaja, wala haukuwa wa serikali; uliendeshwa katika vijiji kadhaa vya ufuoni. Mimi niliitwa baadaye nisaidie kusoma kumbukumbu za seva.

Mtoto wa miezi minane alifariki siku ya Jumatatu. Nyamrerwa wa kijiji alifungua programu jioni hiyo na kufanya kama alivyofundishwa: alimwondoa mtoto kwenye orodha. Wale waliobuni mradi walikuwa wameamua kwamba mtu akifa au akihama, faili lake linafutwa. Simu yake ilikuwa na mtandao, habari ikafika kwenye seva usiku ule. Zahanati nayo ilikuwa na tableti yake yenye nakala ya data ile ile, lakini tangu Jumamosi haikuwa na mtandao. Siku ya Jumanne muuguzi, ambaye hakuwa na habari za msiba, alikuwa akihamisha mambo ya wiki iliyopita kutoka daftarini. Alikuta kwamba mama wa mtoto yule alikuwa ameleta nambari mpya ya simu. Akafungua faili la mtoto, akabadilisha nambari, akahifadhi.

Alhamisi tableti ilipata mtandao. Seva ikapokea matoleo mawili ya faili moja: moja limefutwa, jingine liko hai na lina nambari mpya. Mnakumbuka kanuni? Lililo hai hushinda. Ijumaa asubuhi mfumo ukatuma ujumbe, tena kwenye ile nambari mpya, ukimkumbusha mama kwamba mtoto wake anakaribia miezi tisa na aletwe zahanati kwa chanjo ya surua.

Mama hakumpigia simu mtu yeyote. Alimsubiri nyamrerwa apite, akamwonyesha ujumbe. Nyamrerwa aliponieleza haya hakuuliza kuhusu seva. Aliniambia, "Sasa mimi, mwanangu, nitaingia vipi tena katika boma lile?"

Ukisoma kumbukumbu mstari kwa mstari, humkuti mkosaji. Nyamrerwa aliandika ukweli. Muuguzi aliandika ukweli. Hifadhidata ilifuata kanuni yake neno kwa neno. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema, kabla ya simu ya kwanza kugawiwa: nakala zikibishana kuhusu uhai wa mtu, nani ana neno la mwisho?

Msidhani jambo hili ni la vijijini kwetu tu. Mwaka 2007 wahandisi wa Amazon walichapisha makala kuhusu hifadhidata yao iliyoitwa Dynamo. Walikuwa na tatizo hilo hilo kwenye kikapu cha mnunuzi. Waliamua kwamba nakala mbili za kikapu zikigongana, ziunganishwe, ili kitu ambacho mteja ameongeza kisipotee kamwe. Wakakiri wazi kwamba kwa njia hiyo kitu alichokiondoa mteja kinaweza kurudi kikapuni. Kwa duka hilo ni uamuzi wa busara. Kitabu kikirudi kikapuni, mteja atakitoa tena, na pengine atakinunua. Uamuzi ule ule ukiuhamisha hadi kwenye orodha ya watoto wa kijiji, anayerudi si kitabu.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka mlichukue leo. Kanuni ya nani ashinde huonekana kama suala la kiufundi, na kwa kuwa huonekana hivyo, tunaachiwa sisi waandishi wa programu tuamue, au tunaacha hifadhidata iamue yenyewe. Lakini ni uamuzi kuhusu maisha ya watu. Unapaswa kufanywa pamoja na yule atakayesimama mlangoni mwa boma siku mambo yakienda kombo.

Sasa tufanyeje? Nitaeleza yale ambayo nimeona yanasaidia.

La kwanza, ongeza, usibadilishe. Hati mbili tofauti hazigongani kamwe. Kinachogongana ni watu wawili kuibadilisha hati moja. Badala ya kuwa na faili moja la mtoto ambalo kila mtu analifungua na kulichokora, kila tukio liwe hati mpya: ziara ya tarehe fulani, uzito wa tarehe fulani, nambari mpya ya simu, kifo. Hivi ndivyo Community Health Toolkit inavyofanya kwa sehemu kubwa; taarifa ya kifo ni ripoti mpya inayojitegemea, si ufutaji. Kwenye kisa chetu seva ingepokea hati mbili, ya kifo na ya nambari ya simu, na zote zingebaki. Wahasibu walilijua hili kabla ya kompyuta: kwenye daftari la hesabu hufuti mstari, unaandika mwingine wa kuurekebisha.

La pili, kila aina ya data iwe na mwenyewe. Nani ni msemaji wa mwisho kuhusu dawa anazotumia mgonjwa? Zahanati. Nani ni msemaji wa mwisho kuhusu nani anaishi boma gani? Nyamrerwa. Kituo kingine kinaweza kubeba nakala na kuisoma, lakini kikitaka mabadiliko kitume ombi kwa mwenyewe. Kufanya hivi hupunguza migongano hata kabla haijatokea. Huku ziwani lina uzito wa pekee, kwa sababu wavuvi huhama kufuata samaki. Mtu anaweza kuanza dawa za virusi vya UKIMWI katika zahanati ya Mbita na miezi mitatu baadaye yuko kisiwa kingine. Zahanati nyingi zinazotumia KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, zina seva yake pale pale kituoni. Ni sawa kabisa, maana mtandao ukipotea kazi inaendelea. Lakini mgonjwa akihama, lazima ijulikane ni lini faili lake limebadilisha mwenyewe. La sivyo zahanati ya kwanza itamhesabu kama mtu aliyeacha dawa, na ya pili itamwona kama mgonjwa mpya.

La tatu, usiiamini saa ya simu. Wengi hudhani suluhisho ni rahisi: aliyeandika mwisho ashinde. Mwisho kwa saa ya nani? Simu ya bei nafuu ikizimika kabisa kwa siku kadhaa inaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine. Simu yenye saa iliyotangulia mbele kwa siku moja itashinda kila ubishi. Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba kati ya kompyuta zilizo mbalimbali, la muhimu si saa ya ukutani bali ni kujua tukio lipi lilitokea huku mwandishi akiwa tayari amelijua jingine. Muuguzi wetu aliandika Jumanne, siku moja baada ya nyamrerwa, lakini aliandika bila kujua. Kwa kanuni ya "wa mwisho ashinde" mtoto angefufuka vile vile.

La nne, pale ambapo kukosea kwa upande wowote kunaumiza, mashine isichague. Mtu anaweza kusema: basi kifo kishinde daima. Hapana. Kidole kikiteleza, mtoto aliye hai ataandikwa amefariki, na hakuna atakayemkumbusha mama yake chanjo ya surua, ugonjwa unaoua. Nakala zikibishana kuhusu uhai wa mtu, programu inyamaze: isitume ujumbe wowote, halafu iweke kazi moja kwenye simu ya nyamrerwa, "tafadhali thibitisha hali ya boma hili." Yeye anaishi hatua chache kutoka pale. Anajua tayari. Sisi tumejenga mitambo ya kubashiri jambo ambalo jirani analijua.

La tano, kumbukeni kwamba data ambayo haijasawazishwa haina nakala. Watu husema "tuna nakala tatu" kwa sababu kuna simu, zahanati na seva ya taifa. Lakini kazi ya leo asubuhi, kabla ya mtandao kupatikana, iko mahali pamoja tu, na mahali hapo panaweza kuanguka ziwani kutoka kwenye boti. Kwa hiyo programu imwonyeshe mwenye simu, kwa maandishi makubwa, ni ripoti ngapi bado ziko kwake peke yake na tangu lini. Msimamizi naye aone ni simu ipi iliyokaa kimya siku nyingi. Ni jambo dogo la kuandika, lakini humfanya nyamrerwa apande kilimani jioni kutafuta mtandao akijua ni kwa nini.

La mwisho ni kusahau, na pengine ndilo gumu kuliko yote. Katika mifumo ya aina hii, kufuta ni kuandika. Hati ikifutwa, mahali pake hubaki kibao kama cha kaburini kinachosema "hapa palikuwa na hati, imefutwa", ili nakala nyingine zikifika na toleo la zamani zijue habari. Sasa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mwananchi haki ya kuomba data yake isahihishwe au ifutwe katika hali fulani, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Mtu akikubaliwa ombi lake, seva itafuta leo. Je, simu iliyo kabatini kwa nyamrerwa aliyestaafu? Tableti iliyopelekwa kwa fundi? Kila nakala unayoiweka ukingoni ni ahadi kwamba siku moja utaweza kuifikia na kuiondoa. Kama huna orodha ya vifaa vyako na tarehe ya mwisho kila kimoja kilipoonekana, ahadi hiyo huwezi kuitimiza.

Basi nimjibu aliyeuliza. Hatuweki data kwenye simu kwa sababu tunapenda kujitesa. Tunaiweka kwa sababu kazi iko huko, na katikati hakufikiki kila siku. Nakala zenyewe ni rahisi. Nafasi ya kuhifadhi imeshuka bei na programu za kusawazisha zipo, tena za bure. Kilicho ghali ni kikao cha kabla ya kazi kuanza, ambapo muuguzi, nyamrerwa na mwandishi wa programu wanakaa meza moja na kuulizana: jambo hili na hili zikitofautiana, tumsikilize nani? Katika mradi ule niliousimulia, kikao hicho kilifanyika baada ya msiba. Kilichukua saa tatu na chai mbili. Orodha iliyotoka ilikuwa ukurasa mmoja, na sehemu kubwa yake ilitoka vinywani mwa manyamrerwa.

Kama wewe ni muuguzi, mhudumu wa afya, karani wa ufuoni au mtu yeyote unayeandika data mahali pasipo na mtandao wa kudumu, niambie: programu unayotumia hufanya nini nakala zikigongana? Umewahi kuiona ikikuuliza, au huamua kimyakimya? Andika hapa chini. Na ninyi waandishi wa programu wenzangu, mkipinga lolote kati ya niliyosema, hasa lile la nne, karibuni tubishane. Mara ijayo nitaeleza jinsi ya kutoa orodha ya migongano kwenye CouchDB, maana wengi mnazo na hamjawahi kuzifungua.